Wawili Njiani: Mji na Chumba cha Kupanga katika Vitabu Teule

Kila msimu wa kusahihisha mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne, mwalimu wa Fasihi hukutana na jibu moja katika karatasi baada ya karatasi. Mji, mtahiniwa anaandika, ni mahali pa uozo. Kijana akiingia mjini hupotoka. Mwandishi anatuonya tusiukimbilie mji. Jibu hili halichagui kitabu. Liliandikwa kumhusu Maimuna wa Utengano, likahamishiwa kwenye riwaya zilizofuata, likaingia katika hadithi fupi, na sasa linaonekana hata katika maswali ya tamthilia. Watahiniwa hawakulibuni. Wamelipata kwetu sisi walimu, na kwa miongozo ambayo sisi wenyewe tunawashauri wainunue.

Makala haya yananuia kulihoji jibu hilo kwa kutazama jambo ambalo tahakiki nyingi za shule hulipita mbio. Hutokea nini vijana wawili, mvulana na msichana, wanapoingia mahali pageni pamoja? Tukiwafuata wahusika wa namna hiyo kwa makini, tutaona kwamba mji wenyewe hauna makosa mengi. Kinachowapima ni chumba: nani analipa kodi, nani anapika, nani anaweza kumwambia mwenzake aondoke, na waliambiana nini kabla ya kufungua mlango huo mara ya kwanza. Hili ni suala la uhakiki, lakini pia ni suala la alama, kwa sababu mtahini hawezi kumpa mtahiniwa alama kwa jibu ambalo lingetosha kitabu chochote.

Tuanze na wasafiri wapweke, kwani ndio wengi. Said Ahmed Mohamed alipochapisha Utengano mwaka wa 1980, alimtoa Maimuna katika nyumba iliyomfungia, akamwingiza katika mji usiomjua. Husemwa kwamba mji ulimharibu. Swali ambalo darasa haliulizi ni hili: Maimuna aliingia na nani? Waliomtoa nyumbani hawakuwa wenzake wa safari. Walikuwa na haja zao. Hakuwa na mtu wa kumwambia usiku kwamba ameogopa. Anguko lake lina mizizi katika nyumba ya baba kabla halijawa na mizizi mjini, na jina la riwaya linatuelekeza huko waziwazi.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka wa 1996, Ken Walibora alitupa msafiri mwingine mpweke katika Siku Njema. Kongowea Mswahili, ambaye pia ni Msanifu Kombo, ni mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake, na baada ya taabu nyingi safari inamfikisha Kitale. Hapa mwalimu anayefundisha Kitale au Bungoma ana bahati ambayo mwenzake wa Nairobi hana. Wanafunzi wetu wanaujua mji huo. Wanajua kituo chake cha matatu, wanajua vumbi lake la Januari na tope lake la Agosti. Wanapomwona kijana wa pwani akiutafuta mji huu kama mtu anayetafuta jibu la maisha yake, huanza kwa kucheka. Mtu anatoka baharini kuja kwetu kutafuta nini?

Kicheko hicho ni mlango mzuri wa somo. Katika Siku Njema, Kitale hauko katika orodha ya miji inayoharibu. Ni mwisho wa safari, mahali pa kujua. Tena uteuzi huo wa mandhari haukuwa wa kubahatisha. Walibora alizaliwa Bungoma mwaka wa 1965, akakulia Cherangani, mashariki ya Kitale, na akaishi kuandika hayo katika tawasifu yake Nasikia Sauti ya Mama, kabla ya kifo chake jijini Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Njia ya kutoka Bungoma kwenda Trans Nzoia ni njia ambayo familia nyingi zilipita baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalipokuwa yakigawanywa na kuuzwa. Aliyetangulia mara nyingi alikuwa mume kijana na mkewe, na magunia mawili, wakienda kuanza mahali ambapo hawakuwa na jamaa hata mmoja. Ukimwambia mwanafunzi wa Kiminini au wa Cherangani kwamba fasihi inafundisha kuwa kuhama ni kupotea, anajua, hata kama hasemi, kwamba nyanya yake na babu yake walihama wakiwa na umri usiozidi wake kwa miaka mingi, na ndiyo sababu yeye yupo darasani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba babu na nyanya hao hawamo katika vitabu vyetu. Fasihi yetu teule inampenda msafiri mmoja. Yatima hutafuta baba, msichana hutoroka, kijana hufuata elimu. Upweke unampa mwandishi nafasi ya kutumia nafsi ya kwanza na ya kutuliza, na mimi sina ugomvi nao. Lakini wengi wa vijana ninaowaona wakipanda matatu ya Webuye pale Kitale, wakapitia Kamukuywa na Misikhu hadi Bungoma, na wengine wakasonga mbele hadi Nairobi, hawaendi peke yao. Wanakwenda wawili wawili, wameoana au hawajaoana, godoro limefungwa juu ya gari.

Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Walibora ya mwaka wa 2012 iliyotahiniwa hadi 2017, ndiyo inayokaribia zaidi picha hiyo katika kizazi hiki. Amani na Imani wanaingia Sokomoko wakiwa wageni. Kila mmoja ana msiba wake: Imani amempoteza mama na makao, Amani anafuatilia dhuluma iliyompeleka ami yake Yusufu gerezani. Hawana mali wanayoweza kugombania. Wanapofika Mto Kiberenge wanakunywa maji ambayo wenyeji wanayaogopa, na hakuna kinachowapata. Miongozo huiweka sehemu hii chini ya kichwa cha ushirikina au mabadiliko na kuendelea. Sawa, lakini tazama pia kwamba wanakunywa wote wawili. Mmoja angekunywa na mwingine akakataa, safari ingegeuka kuwa ya watu wawili wanaotembea kandokando. Kunywa kwa pamoja maji yaliyokatazwa ndiyo ahadi yao ya kwanza, na haikutamkwa.

Baada ya hapo Walibora anafanya jambo la busara, nalo pia ni jambo ninalomlaumu. Anawatenganisha. Amani anakuwa mchungaji kwa Mtemi Nasaba Bora. Imani anakuwa yaya kwa Mwalimu Majisifu. Kimsuko, hatua hii ni ya ustadi, kwani kupitia macho manne tunaingia katika nyumba mbili za ndugu wawili na kuuona uozo wa kila moja: ukatili na unyakuzi wa ardhi huku, wizi wa mswada na ulevi kule. Kama wangepewa kazi mahali pamoja, nusu ya riwaya ingepotea. Wanakutana tena kwa uzito mkubwa pale kitoto Uhuru kinapotelekezwa kwenye kibanda cha Amani. Vijana wawili ambao si mume na mke wanakilea kitoto ambacho si chao, na kinapofariki wanatiwa mbaroni wao, huku baba halisi akiwa ndiye mwenye mamlaka. Kinaya hicho kinafundishika vizuri na sitakirefusha.

Lawama yangu ni kwamba wawili hawa hawajaribiwi na wao wenyewe. Wanajaribiwa na Mtemi, na polisi, na uvumi. Hawagombani juu ya sufuria. Majina yao yenyewe yamewabebesha mzigo: Amani na Imani hawana ruhusa ya kununa. Mwandishi amewahifadhi wawe ishara ya taifa linaloweza kupona, na ishara haipangi chumba. Kwa sababu hiyo, mtahiniwa akiulizwa uhusiano wa Amani na Imani, ataandika "wapole", "wavumilivu", "wenye utu", na atapata alama zake, lakini hatakuwa amejifunza lolote kuhusu watu wawili wanavyoishi mahali pageni.

Somo hilo tunalipata, tena kwa ukali, katika "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, katika mkusanyiko Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka wa 2016. Mkusanyiko huo ulitahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022, na nashauri usitupwe kabatini kwa kuwa muda wake umepita. Dennis Machora ni mwana wa maskini katika Chuo Kikuu cha Kivukoni. Penina ametoka katika nyumba yenye nacho. Siku Penina anapobisha hodi, Dennis anapika uji usio na sukari, na anaona haya. Dennis anamtahadharisha mapema juu ya umaskini wake. Penina anaahidi kwamba mapenzi yake hayatabadilika. Wanamaliza masomo, wanapanga nyumba pamoja, na maisha yao yanategemea fedha za upande wa Penina. Kazi haipatikani. Dennis anakwenda kwenye mahojiano, hafaulu, na mwishowe Penina anamfukuza.

Ni wanafunzi wangapi wameandika kwamba Penina ni msaliti? Karibu wote niliowasahihishia. Na kichwa cha hadithi kinawasaidia, kwani kinahukumu kabla ya ukurasa wa kwanza. Hata hivyo, mwaka mmoja nikifundisha hadithi hii, msichana aliyekuwa akikaa nyuma, asiyezoea kusema, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, muda huo wote, Dennis alikuwa akipika?"

Darasa liliangua kicheko. Mvulana mmoja akajibu kwamba mtu anayetafuta kazi hana muda wa jikoni. Msichana wa pili akamkumbusha kwamba chuoni Dennis alijua kupika uji, tena bila kusaidiwa. Mabishano yalikula kipindi chote na kengele ikatukuta hatujafika kwenye mbinu za lugha. Sijuti. Swali lile liligusa mahali ambapo hadithi yenyewe imepita kwa kasi. Uji wa chuoni umepewa mandhari, harufu ya umaskini na aibu. Maisha ya pamoja katika nyumba ya kupanga yamepewa nafasi finyu sana yakilinganishwa na uzito wake. Tunaona mwanzo wa mapenzi na tunaona kufukuzwa. Katikati, ambako ndoa na uchumba wa watu halisi hufia au huponea, tunaruka.

Sisemi kwamba Penina hana hatia. Aliahidi, na ahadi yake ilikuwa ya wazi. Ninachosema ni kwamba msomaji anapewa macho ya Dennis tu. Tungekuwa na siku moja tu tuliyoipitisha na Penina, labda akirudi na mfuko wa unga, akamkuta mwenzake amekaa palepale alipomwacha asubuhi, hukumu yetu isingekuwa nyepesi hivi. Mhakiki wa shule anapaswa kumfundisha mtahiniwa kutambua ukimya wa namna hiyo. Kuna tofauti kubwa kati ya kuandika "Penina ni msaliti" na kuandika "Penina anavunja ahadi, ingawa mwandishi hatupi nafasi ya kusikia uchovu wake". Sentensi ya pili inaonyesha mtu aliyesoma.

Tena kuna jambo la jinsia hapa ambalo tumelifumbia macho. Tukiigeuza hadithi, mvulana awe ndiye mwenye fedha na msichana asiye na kazi, je, tungeshangaa msichana kukaa nyumbani miaka? Tungemwita mke. Dennis anaumia maradufu kwa sababu jamii imemfundisha kwamba kodi hulipwa na mwanamume, na Penina anapata ujasiri wa kumwambia atoke kwa sababu nyumba, kwa maana ya fedha, ni yake. Katika ploti za Matisi au Tuwan pale Kitale, au upande wa Kanduyi kule Bungoma, wanafunzi wetu wengi wameishi ukuta mmoja na mabishano hayo. Wameyasikia usiku. Wanayajua zaidi kuliko wanavyojua migogoro ya Mtemi Nasaba Bora, ila hakuna aliyewaambia kwamba ujuzi huo unaruhusiwa katika karatasi ya Fasihi.

Katika mkusanyiko uohuo, "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali inatupa chumba cha aina nyingine. Mashaka na Waridi hawakuchagua kuanza pamoja, ndoa imewabana. Hapa umaskini ni wa pande zote mbili, chumba ni kimoja, watoto wanaongezeka, mume ni mlinzi wa usiku. Waridi anaondoka na watoto. Ukiiweka hadithi hii kando ya ile ya Dennis, jibu la kwamba "mapenzi ya kweli hayahitaji mali" linaanguka, na vilevile lile la kwamba "wanawake hupenda pesa". Waridi alivumilia kile ambacho Penina hakukivumilia, kisha naye akaondoka. Swali la kulinganisha hadithi hizi mbili linafaa sana kwa zoezi la darasani, ingawa katika mtihani wenyewe hadithi mara nyingi huulizwa mojamoja.

Inabaki tamthilia. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyoanza kutahiniwa mwaka wa 2023, huzungumziwa zaidi kwa ajili ya Sara na Yona: maradhi ya mke, ulevi wa mume, na miaka ya ndoa yenye makovu. Ni haki, kwani wao ndio uti wa mgongo wa tamthilia. Lakini ninamwomba mwalimu mwenzangu awatazame Neema na Bunju pia. Hawa ni wawili waliofaulu kuukalia mji. Wana kazi, wana mtoto, Lemi, wana nyumba. Kwa kipimo cha jibu letu la zamani, walipaswa kuwa wamepotoka, au basi wawe mfano wa kuigwa. Si hivyo. Mji haukuwaangusha, umewapa shughuli nyingi kiasi kwamba malezi ya mtoto yanategemea mikono ya mwingine, na sasa maradhi ya Sara yanakuja kubisha hodi.

Ndipo linapozuka suala la mama mkwe kulala kwa mkwewe. Mwanafunzi wa mjini Nairobi anaweza kuliona kuwa jambo dogo. Mwanafunzi wa Bungoma halioni hivyo. Katika jamii za Waluhya, heshima baina ya mkwe na mama mkwe ina masafa yake: hawapeani mikono ovyo, hawaketi popote, na kulala chini ya paa moja si jambo la kupitishwa bila mazungumzo. Arege hakuandika kuhusu Wabukusu, na mtahiniwa asithubutu kuandika kwamba aliandika kuwahusu. Hata hivyo, mwanafunzi anayeijua mila hiyo anauelewa uzito wa jukwaa kabla hajafafanuliwa. Nyumba ya vijana wawili mjini, iliyojengwa mbali na macho ya wazee, inalazimika kuamua itafuata desturi ya nani. Wakiwa njiani, Amani na Imani waliweza kunywa maji yaliyokatazwa na kuendelea na safari. Neema na Bunju hawawezi kuendelea na safari. Wameshafika, na mgonjwa yuko mlangoni.

Kwa hiyo, swali likija katika karatasi ya 102/3 kuhusu nafasi ya mji au kuhusu ndoa za vijana katika tamthilia hii, mtahiniwa asianze na uovu wa mji. Aanze na gharama za matibabu ya Sara: zinatoka katika mfuko wa nani, ni jambo gani lingine la nyumba hiyo lililokuwa likingojea fedha hizohizo, na mazungumzo baina ya mke na mume yanapofikia hapo, nani anazungumza kwanza na nani ananyamaza. Kisha arudi kwenye matini atafute maneno yenyewe.